Chumba Nilichokupangia Kando ya Ziwa

Ufini, mwezi wa kumi na moja

Mama yangu,

Shikamoo. Kaa kwanza, tafuta miwani, ndipo uendelee. Barua hii ni ndefu na sitaki uisome umesimama mlangoni. Goti linaendeleaje? Mama mdogo Leticia ameniambia unashuka ngazi za uani upandeupande, na kwamba dawa ya kuchua imeisha siku nyingi, ila hukumwambia mtu. Mihogo ya nyuma ya nyumba imepaliliwa? Yule jirani wa ukuta bado anamwaga maji machafu upande wetu? Na mvua, imeshafika hapo Buswelu au mnaisikia tu ikinguruma upande wa ziwani?

Sisi huku wazima. Mume wangu Antti anakusalimu, na salamu zake nitazifikia baadaye kwa sababu zina maelezo. Jua linachomoza saa tatu asubuhi, na saa kumi halijafika limeshazama. Nimenunua koti jipya, lile la zamani zipu ilikufa. Nakula vizuri. Nakueleza haya mapema ili yaishe, maana ndiyo maswali yetu ya kila Jumapili: nimekula nini, baridi ikoje. Nakujibu, halafu tunanyamaza wote wawili, halafu unasema salio lisiishe bure. Tangu nirudi huku mwezi wa saba tunaongea namna hiyo, mama, kama watu waliokutana kwenye benchi la zahanati.

Kwenye simu nashindwa. Nimejaribu mara nyingi. Nikisikia tu "haloo" yako naona aibu, naanza kuuliza habari za kuku. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Nina mambo mawili ya kukuambia. La kwanza unalijua, maana lilikupata wewe. La pili hulijui, na nikishalisema sijui kama utataka kuendelea kusoma.

Nianze na kazi yangu, kwa sababu kosa lilianzia huko. Sijawahi kukueleza vizuri ninachofanya. Nilikuwa nasema "niko kwenye utalii," ukawa unawaambia hivyo wenzako kanisani. Ukweli ni kwamba nafua mashuka na kudeki. Kuna ziwa hapa, dogo kuliko letu, na kando yake kuna mabanda ya mbao na uwanja wa kupiga mahema. Kiangazi watu wa mjini wanakuja na watoto wao, wanalipa ili wakae kwenye nyumba ndogo isiyo na kitu, wapasue kuni wenyewe, wavue samaki ambao hata hawawali. Ukiwaona unaweza kuwahurumia, lakini ndiyo raha yao. Sasa hivi tumefunga, ziwa limeanza kuganda ukingoni, na mimi nipo stoo nahesabu mablanketi.

Ila pamoja na kudeki nina kazi nyingine ambayo naiweza kuliko wote pale. Ninapanga wageni. Mtu akipiga simu namuuliza: mko wangapi, nani ni nani kwa nani, nani analala na nani, nani hataki kelele. Mzee mwenye mgongo simpi kitanda cha juu. Wenye mtoto mchanga nawaweka karibu na bomba. Walioachana lakini wamekuja pamoja kwa ajili ya watoto, nawapa mabanda mawili yasiyotazamana. Bosi wangu husema Kabula hajawahi kukosea. Kichwa kilivimba, mama. Kilivimba kweli.

Kwa hiyo nilipopanga ile safari yetu nilijiona bingwa.

Unakumbuka tulifunga ndoa huku, na wewe ukatubariki kwa simu. Miaka minne Antti alikuwa hajawahi kufika Mwanza. Mkiongea kwa video ulikuwa unaielekeza simu kwenye dari, tunaona bati na taa tu, sauti yako inatokea chini. Nilikuwa nacheka. Nilimwambia Antti, "Mama hajui kushika simu." Hapo ndipo ningepaswa kuanza kujiuliza, lakini sikujiuliza.

Nilitaka mambo mawili yatimie kwa mpigo mmoja. Antti ni mtu wa maji, kwao likizo bila banda kando ya ziwa si likizo. Na wewe maisha yako yote umeishi karibu na Ziwa Nyanza, umenunua samaki wake, umeyapanda maboti yake, lakini hujawahi kulala ufukweni kwa starehe hata siku moja. Niliwaza, nitamlaza mama yangu mahali ambapo akifungua dirisha anaona maji, na hafagii, na hapiki. Niliwaza hayo nikilia kidogo. Nataka ujue kwamba nia ilikuwa nzuri, ingawa najua nia haikupi usingizi.

Nilitumia majuma mengi kwenye kompyuta. Nikapata mahali ukishapita Pasiansi, mbele kabisa, pale kamto kanapoingia ziwani katikati ya mawe. Mabanda yamejengwa kwa mbao na kuezekwa nyasi, yana kibaraza na neti nzuri nyeupe. Nikamwandikia meneja. Niliuliza yote. Kichocho, kipo au hakipo? Viboko wanapanda hapo mdomoni mwa mto? Umeme ukikatika kuna jenereta? Kutoka bandani hadi majini kuna ngazi ngapi, maana mama yangu ana goti? Hilo la goti niliuliza, mama.

Yule meneja alinijibu kwa upole kila kitu. Halafu akaniuliza swali moja.

"Dada, huyo mama ni mama yako wewe, au ni mama wa mumeo?"

Nikamjibu ni mama yangu mimi.

"Basi nawawekea mabanda mawili. Mama tutampa lile la juu karibu na bustani, lina choo chake."

Unajua nilivyo. Nilidhani ananitafutia biashara. Nikamwandikia, "Kaka, sihitaji mawili. Tunakuja kukaa pamoja kama familia. Kazi hii ndiyo ninayoifanya huku Ulaya, najua ninachokitaka. Nipe lile kubwa lenye vyumba viwili na choo ndani."

Baada ya karibu nusu saa akajibu, "Sawa dada. Wewe ndiye mwenye safari."

Yale yaliyofuata uliyaona mwenyewe. Lakini nataka uyasikie kutoka upande wangu, ujue nilivyokuwa nayaona siku ile, ili usije ukadhani najipunguzia.

Tulipokuja kukuchukua nyumbani na gari la kukodi, ulikuwa umeshatoka, umejifunga kitenge kipya, na kando yako kulikuwa na begi na mkeka umeviringwa. Nikakucheka mbele ya dereva. "Mama, mkeka wa nini? Unakwenda kulala kwenye godoro la inchi nane." Ukasema, "Ni wa kukalia tu, mwanangu." Antti akashuka kukupokea begi, ukaliweka chini ili aliokote mwenyewe, badala ya kumkabidhi. Akanyoosha mkono kukusalimu. Ukapiga goti kidogo, lile bovu, macho chini, mikono ndani ya kitenge. Nami nikaona unanitia aibu kwa mume wangu. Nikakuambia kwa Kiswahili cha haraka, asisikie, "Mama, mpe mkono, watu wa kwao wanasalimiana hivyo, usijifanye mshamba." Ukampa. Ulimpa mkono uliofunikwa na kitenge, ukautoa mara moja, na njia nzima ulitazama dirishani.

Tulipofika nikakuonyesha chumba chako. Nilifungua mlango kwa mbwembwe, nikafungua na dirisha. Kumbe wewe ulikuwa unatazama upande mwingine. Ulitazama mlango wa chumba chetu uliokuwa mkabala na wako, hatua tatu. Ukatazama na mlango wa choo katikati. Ukasema, "Pazuri sana. Mungu akubariki, mwanangu." Kisha ukasema unakwenda kuwasalimu waliopo jikoni.

Hukutoka huko jikoni, mama. Mchana ulikuwa kule unaparua samaki na Mama Nyangeta, mpishi. Chakula kikiiva unasema tumbo limejaa, umeonjaonja. Nikakuletea kiti mezani kwetu kibarazani, ukasema upepo unakuumiza masikio, na huku jikoni kwenyewe ni uwazi mtupu. Nikaanza kukasirika. Nilisema moyoni, huyu mama kazoea kuhudumia, akihudumiwa anaona kama anaibiwa.

Siku ya pili ndiyo ya ufukweni. Antti alikuwa ametoka kuogelea, kaptula tu, maji yanamchuruzika, akakuona umekaa na Mama Nyangeta mnachambua dagaa juu ya jiwe. Yeye kwa furaha akaja moja kwa moja kukusalimu kwa kile Kiswahili alichofundishwa, "Shikamoo mama!" Ukasimama. Ukajifunika uso kwa kitenge, ukageuka, ukaanza kuondoka kwa haraka kupita kwenye mawe. Naye akakufuata, alidhani umeshtuka, anataka kukushika usianguke. Ukaongeza mwendo. Ukaanguka. Ulitua kwa lile goti kwenye jiwe, nilisikia mimi niliyekuwa mbali.

Na mimi, badala ya kukimbia kukuinua, nilipiga kelele. Kulikuwa na wageni wengine, kulikuwa na wale kinadada wanaofagia. Nilisema, "Mama, unaniaibisha! Huyu siyo mnyama, ni mume wangu!"

Aliyekuinua ni Mama Nyangeta. Ulijipangusa mchanga, ukaniangalia, ukasema, "Sawa, Kabula."

Asubuhi ya tatu niliingia chumbani kwako na chai ili tusuluhishane. Mimi ni mtandika vitanda, mama, hunidanganyi kwa shuka. Ile neti ilikuwa bado imefungwa fundo kama walivyoifunga wafanyakazi siku tuliyofika. Shuka lilikuwa limechomekwa pembe nne, halijaguswa. Siku mbili hukukitumia kile kitanda. Nilipokwenda jikoni Mama Nyangeta akaniambia ulikuwa unalala kwenye stoo yao ya mkaa, kwenye mkeka wako, na choo ulikuwa unatumia cha wafanyakazi, kule nyuma, kwenye mteremko. Akaniambia umeshaondoka kurudi Buswelu, umesema kichwa kinauma.

Hapo ndipo nilipokupigia simu na kukuambia yale maneno. Sikutaka kuyaandika, lakini nitayaandika, kwa sababu niliyasema kwa mdomo wangu. Nilisema, "Wewe umezoea shida. Ukipewa raha unaikimbia." Ukasema, "Haya mama, pumzikeni." Mimi ndiye niliyekutukana na bado uliniita mama.

Nilirudi huku nimejaa hasira. Nilikaa nayo hadi mwezi wa tisa. Siku hiyo nilimpigia Shangazi Milembe wa Mkolani kumpa pole ya homa, maneno yakanitoka, nikaanza kukushtaki kwake. Mwanzoni alikuwa anacheka. Nilipofika kwenye vyumba akaacha kucheka.

"Choo kimoja?" akauliza.

"Kimoja, kizuri, kina maji ya moto."

"Na mkwe anaingia humohumo?"

"Ndiyo shangazi, ni cha wote."

Halafu akasema, "Kabula, hivi wewe umelelewa na nani? Mama mkwe na mkwe wake hawalali paa moja! Hawashikani mikono, hawali pamoja, mama hamwoni mkwe kifua wazi. Sasa atoke bafuni na kanga, mkwe anasubiri zamu mlangoni? Mama yako hata angekuwa anaumwa asingelala mle."

"Mbona hakuniambia?"

"Akuambie mbele ya mkwe? Kulitaja tu ni aibu nyingine."

"Basi angeniambia kabla, wakati napanga."

"Ulimuuliza?"

Shangazi akaendelea, sasa kwa upole, na upole wake ndio ulionimaliza. Aliniambia kwamba wewe ulimpigia kabla hatujafika, ukamweleza nimepanga tukae banda moja. Yeye akakushauri ukatae. Ukamwambia, "Mtoto amejitahidi miezi yote hiyo, nitamkataliaje? Nitabeba mkeka wangu, nitajua huko huko." Ulijua tangu nyumbani. Ulijua unakwenda kulala chini, na ulivaa kitenge kipya. Akaniambia na mengine. Ule mchuzi wa sato ambao Antti aliusifu hadi akaomba sahani ya pili, haukuwa wa Mama Nyangeta. Uliuunga wewe, kwa sababu kumshibisha mkwe ni wajibu wako hata kama humtazami usoni.

Nilipokata simu nilimkumbuka baba, Mungu amrehemu. Nilikuwa darasa la tatu au la nne, bibi, mama yako, alikuja kutoka Magu kutibiwa macho, akakaa kwetu mwezi mzima. Baba alichukua wembe wake na mashati mawili akahamia kwa jirani. Alikuwa anakuja kuongea nawe akiwa nje ya ua, anaondoka. Mimi niliwaambia wenzangu shuleni kwamba baba na mama wamegombana. Hakuna aliyenieleza, na mimi sikuuliza, lakini niliyaona kwa macho yangu haya. Kwa hiyo siwezi kusema sikujua. Watu wa huku wakinipigia simu nawauliza nani ni nani kwa nani. Mama yangu nilimhesabu kama kitanda kimoja.

Hilo ndilo la kwanza. Sasa la pili, ambalo hulijui.

Siku ile ya ufukweni, baada ya wewe kuondoka kwenye mawe, Antti aliniuliza amekosa nini. Alikuwa amesimama na taulo, ameumia kweli. "Mama yako hanipendi?" Nami nilikuwa na hasira, na niliona aibu kwamba mama yangu ni mtu wa namna hiyo. Nikamwambia akili yako imeanza kuyumba. Nilisema ni uzee, kwamba unasahau watu, unaogopa wageni, asijali. Nilisema hivyo juu yako, mama. Wewe unayekumbuka tarehe za kuzaliwa za wajukuu wote wa ukoo, na majina ya ng'ombe waliokufa kabla sijazaliwa.

Aliniamini, kwa nini asiniamini? Akawaambia na wa kwao. Ndiyo sababu tangu mwezi wa saba akikusalimu kwenye simu anaongea polepole, kwa sauti ya juu. Na kile kikopo cha vidonge tulichompa rafiki yangu akuletee, tukasema ni vya kuongeza nguvu, havikuwa vya nguvu. Ni vitamini wanazowapa huku wazee wanaopoteza kumbukumbu. Antti alivinunua mwenyewe kwa huruma. Mama mdogo Leticia ameniambia umekiweka juu ya kabati sebuleni, kila anayeingia unamwonyesha, unasema, "Mkwe wangu amenikumbuka." Aliponiambia hivyo nilikwenda kukaa chooni kazini nikashindwa kutoka. Havina madhara, lakini usiendelee kuvimeza. Na usikitupe, nakuomba, maana yeye alikupa kwa moyo safi. Uchafu uliotiwa humo ni wangu.

Jumamosi iliyopita nilimweleza Antti kila kitu. Nilianza na vyumba, nikamaliza na uongo. Alisikiliza hadi chai ikapoa. Kisha akauliza, "Kwa hiyo pale kwenye mawe, alipokuwa ananikimbia, alikuwa ananiheshimu?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Na mimi nikamfuata." Hajawahi kunipandishia sauti na hata siku hiyo hakunipandishia. Aliniambia tu kwamba nimemfanya amwonee huruma mtu aliyestahili kuonewa haya. Halafu akanipa simu, akasema nianze na mama yake. Nilimpigia mama yake, nikawapigia na dada zake wawili, nikawaambia mmoja mmoja kwamba mama yangu ni mzima wa akili na mimi nilisema uongo. Nilidhani hiyo ndiyo itakuwa kazi ngumu. Kumbe nilikuwa nazunguka tu, aliyebaki ni wewe.

Salamu zake ni hizi. Anasema anaomba radhi kwa mkono wake na kwa kifua chake. Ameuliza akija Mwanza tena afikie kwa nani. Nimemwambia atafikia kwa Baba mkubwa, na atakuja kwako siku Baba mkubwa atakapomleta, kwa taratibu ile inayotakiwa, na atakaa atakapoonyeshwa. Amekubali. Mimi sitampangia chochote.

Mama, ninaomba nije. Nimepata likizo mwezi wa pili, nitakuja peke yangu. Sitakodi mahali popote. Ukisema nilale stoo nitalala stoo.

Nisalimie Mama mdogo Leticia hapo Pasiansi, mwambie asikukasirikie kwa kumficha habari za goti, dawa naileta. Msalimie kaka Masanja na wifi, na mtoto wao, yule mchumba wangu mdogo mwenye jina la baba, mwambie namletea kofia ya sufu. Shangazi Milembe nimeshampigia kumshukuru, lakini msalimie tena, ameniokoa. Na kama utapata mtu anayekwenda kule ufukweni, naomba amfikishie Mama Nyangeta salamu za mtoto wa yule mama. Yeye alikuinua na mimi nipo.

Nimalizie na hili, ndilo linalonikosesha raha kuliko yote. Siku tuliyopita Buswelu kukuaga, Antti akabaki kwenye gari, nikaingia peke yangu. Nilitegemea utanisema. Nilikuwa nimeshajipanga kujibu. Wewe ukanitolea chai kwenye vikombe vya kabatini, vile vya wageni, na kisahani chake. Ukanifungia karanga na dagaa kwenye mfuko. Ukanisindikiza hadi getini, ukasema, "Asante kwa kuja. Karibu tena."

Maisha yangu yote nikitoka nyumba ile, unasema, "Usichelewe kurudi." "Karibu tena" unawaambia wageni.

Mwezi wa pili nikigonga hodi, usinikaribishe. Nigombeze, mama. Nigombeze hapohapo getini, kwa sauti, yule jirani wa ukuta asikie, hadi uchoke. Nitasimama. Ukimaliza, nitume dukani.

Ni mimi mtoto wako niliyekukosea,

Kabula